Metali ya risasi imepungua baada ya mafuriko: je, mashapo yamesafika?

Swali: Shikamoo mwalimu. Nafanya utafiti wa shahada ya kwanza pale Mto Msimbazi unapoingia baharini, Dar es Salaam. Nilichota mashapo ya juu (tope na mchanga uliotuama chini ya maji) Februari, nikarudi palepale Mei, baada ya mafuriko ya masika. Risasi na zinki zimeshuka karibu nusu. Niandike kwamba mafuriko yamepasafisha?

Jibu: Marahaba. Usiandike hivyo kwanza. Hujasema mashapo ya mara ya pili yalikuwa na mchanga kiasi gani, na jibu lote limelala hapo.

Risasi, zinki na shaba hung'ang'ania chembe laini: udongo wa mfinyanzi, mabaki ya majani ya mikoko yaliyooza, na utando wa kutu ya chuma na manganizi. Punje ya mchanga haina pa kuzishikia. Mafuriko hubeba tope jepesi na kuacha mchanga, au mto humwaga mchanga mpya juu ya tope la zamani. Mwambao wetu una pia mchanga mweupe wa matumbawe na makombe, ambao ni chokaa tu. Kwa hiyo huenda ulichopima ni kupungua kwa tope, siyo kupungua kwa uchafu.

Gawanya kila metali kwa alumini, maana alumini hupanda na kushuka pamoja na mfinyanzi. Tuseme Februari risasi ilikuwa miligramu 40 kwa kilo na alumini asilimia 4: uwiano ni 10. Mei risasi ikiwa 20 na alumini 2, uwiano ni uleule 10. Lakini alumini ikiwa 1, uwiano ni 20, yaani tope lililobaki limechafuka maradufu, ingawa jedwali lako linaonyesha nafuu!

Hapa wanafunzi wengi hujikwaa. Ili kupima metali, mashapo huyeyushwa kwanza kwa asidi. Asidi ya nitriki na hidrokloriki haziyeyushi alumini yote iliyofungwa ndani ya mfinyanzi. Inayofanya kazi hiyo ni asidi ya hidrofloriki, na hiyo si ya kuchezea. Maabara yenu kama haina vifaa vyake, chekecha mashapo, upime chembe zilizo chini ya mikromita 63 peke yake. Tumia chekeche la nailoni. La aloi ya shaba na zinki litakuongezea metali zilezile unazozitafuta.

Kisha ujiulize tope lilikwenda wapi. Lile jeusi linalonuka mayai viza hushikilia metali kwa salfaidi, yaani misombo ya salfa. Likitibuliwa na kukutana na oksijeni, salfaidi huvunjika. Risasi hurudi upesi kwenye chembe, ila kadimi, metali nyingine yenye sumu, huungana na kloridi ya maji ya bahari na kubaki imeyeyuka. Ndiyo maana, kwangu mimi, chaza waliookotwa wiki chache baadaye, kwa kuwa hufyonza metali zilizo majini, wana habari nyingi kuliko mashapo ya juu.

Jambo jingine ni risasi ya zamani. Petroli yenye risasi iliondolewa Kusini mwa Sahara kufikia mwanzo wa 2006, lakini iliyokwisha kuzama bado imo kwenye tabaka za chini, na mkondo mkali unaweza kuifukua. Zamisha bomba la plastiki sentimita 30 hivi, ukate kila sentimita 2, uone kama tabaka zimechanganyika.

Sampuli za Februari kama bado zipo kwenye friza, usizitupe. Zichekeche pamoja na za Mei, siku moja, chekeche moja.