Mashine ya espreso inatoa matone? Usikimbilie kununua pampu

Kabla hujampigia fundi fanya kitu kimoja tu, chomoa ule mpini wa kuwekea kahawa, washa maji yatoke hivyohivyo bila kahawa, halafu angalia yanatokaje. Ni nusu dakika. Hiyo nusu dakika ingeniokolea hela ya pampu nzima mwaka jana na ndo maana naandika hapa.

Mashine yangu niliipata mtumba kwa jamaa aliyekuwa anahama nchi. Miezi kama saba hivi ikanipa kahawa asubuhi bila shida, halafu ikaanza kutoa matone, tone... tone... utadhani dripu ya hospitali, na mlio wake ukawa mzito kama inakaza misuli. Nikampelekea fundi mmoja, hata hajafungua skrubu moja akasema "hiyo pampu bosi". Nikanunua, akaifunga, ya zamani akanirudishia kwenye mfuko, nikafika nyumbani nawasha, matone yaleyale. Napiga simu haipokelewi. Waifu kimya ananiangalia tu maana bei anaijua, na jioni hapo nje mzee wa kahawa anapita na mdila wake juu ya mkaa, kashata pembeni, yeye biashara inaenda.

Basi nikasema naifungua mwenyewe. Chomoa plagi ukutani kwanza (kuzima kwa swichi haitoshi), na iache ipoe kabisa, boila inakaa na maji ya moto yenye presha muda mrefu kuliko unavyodhani. Ndani kumbe hakuna uchawi. Kuna tanki, kapampu kadogo kanakosukuma maji kwa kutetemeka, boila yenye hita, valvu ya umeme, na kile kichwa unachofungia mpini ambacho chini yake kina kasahani ka vitundu vitundu. Maji yanapita kwa mpangilio huohuo, kwa hiyo na wewe tafuta tatizo kwa mpangilio huohuo badala ya kubahatisha.

Sasa rudi kwenye kile kipimo. Bila kahawa maji yanashuka vizuri lakini ukiweka kahawa yanagoma? Mashine ni nzima, shida ni kahawa yako. Umesaga laini mno kama poda au umejaza na kushindilia kupita kiasi. Mimi naenda na gramu 18 za kahawa, nataka zitoke gramu kama 36 kikombeni ndani ya sekunde 25 mpaka 30. Zikitoka kwa sekunde 10, saga laini zaidi, zikifika dakika nzima, saga chenga zaidi. Na kama povu la juu halionekani, usiifungue mashine wala usiigombeze, angalia kwanza kahawa imekaangwa lini, ile ya mwaka jana iliyosahaulika kabatini hata ingetoka Mbinga yenyewe haitoi povu.

Bila kahawa bado ni matone? Fungua koki ya mrija wa mvuke (ule wa kuchemshia maziwa) halafu washa pampu, mashine ikiwa haiko kwenye hali ya mvuke, na usiweke mkono maana ni ya moto. Kwenye mashine za boila moja kama yangu, maji yakitoka kwa nguvu pale basi pampu haina kosa, kilichoziba kiko mbele yake, ni valvu au kile kichwa. Yangu ilitoa maji kwenye mrija kama bomba la mtaani. Nilikaa pale jikoni nikacheka peke yangu kwa hasira.

Mchawi alikuwa maji. Huku kwetu Dar tunatumia kisima na maji yenyewe ni magumu, sabuni haitoi povu, birika la umeme lina ganda jeupe ndani, sasa mimi nikawa nayamimina hayohayo kwenye mashine kila siku. Dawa yake ni unga wa ndimu, ule wa kwenye ubuyu, unauzwa kwa kupimiwa. Naweka kama gramu 20 kwa lita moja, naingiza mpaka boila ijae, naacha dakika 20, natoa kidogo kichwani na kidogo kwenye mrija, narudia mpaka tanki liishe, halafu nasuuza matanki mawili matatu ya maji safi. Usiache ilale humo usiku kucha hasa kama boila ni ya aluminiamu. Siki nayo mimi siitaki, harufu yake utainywa wiki nzima.

Ila kuna kitu hawakwambii, lile ganda jeupe, yaani chokaa, likibanduka linatoka vipande, na vipande vinaenda kukwama kwenye valvu. Mimi baada ya kusafisha ndo ikaziba jumla! Ikabidi nifungue kile kisahani kwa bisibisi, kilikuwa cheusi mafuta ya kahawa yamegandana nikaona aibu, halafu nikafungua valvu. Mle kuna kachuma kadogo chenye springi na raba kwenye ncha, na tundu dogo kweli. Kalikuwa na punje moja ya chokaa kama ya mchele. Punje moja! Piga picha kila hatua kabla hujatoa kitu, mimi springi iliruka chini ya friji.

Mengine haraka haraka. Maji yakivuja pembeni ya mpini ni gasketi (ile raba ya duara kichwani) imekauka kwa joto, ing'oe uende nayo dukani wapime upana na unene, usiende na jina la mashine tu. Pampu ikipiga kelele kali na maji hayaji baada ya tanki kukauka, hiyo ni hewa, fungua koki ya mvuke uiwashe kidogo kidogo, ikigoma sukuma maji kwa bomba la sindano pale tanki linapoingilia.

Ikiwaka taa lakini haipati moto, pima fyuzi ya joto na hita kwa multimita, plagi ikiwa nje. Hita ya wati 1000 kwa umeme wetu wa 230 inasoma kama omu 53. Fyuzi ya joto ikishakata haijirudi, nunua yenye nyuzi joto zilezile zilizoandikwa juu yake. Kuna fundi mwingine aliniambia "tuipige dairekti tu, itapika", kwamba aunganishe waya bila fyuzi. Hapo siku themostati, ile inayozima hita joto likitosha, ikigoma kukata, boila inachemka na hakuna wa kuizima. Nikachukua mashine yangu nikaondoka.

Siku hizi naweka maji ya chupa kubwa ya lita 18 na unga wa ndimu kila baada ya miezi mitatu. Ile pampu ya zamani niliirudisha ndani siku ileile, ndo inayofanya kazi mpaka leo. Mpya iko kwenye droo, nikipata mtu anaihitaji namuuzia kwa hasara.