Programu za kuigiza vita: anza na mwendo wa jahazi

Waalaikum salaam, mdogo wangu wa Chumbageni. Umeuliza kama anayeandika programu za kufundishia wanajeshi lazima awe mwanajeshi, na ugumu uko wapi. Uanajeshi si lazima. Hesabu ndiyo lazima.

Picha za vifaru hushangaza macho, ila ugumu uko kwenye mtandao. Tangu SIMNET, mtandao wa Marekani wa kufundishia wanajeshi, miaka ya 1980, kila kompyuta hubeba chombo chake, mfano kifaru, na kuwaarifu wenzake kilipo. Ikituma kila mara, mtandao unazidiwa. Fikiria nahodha anayetoka Tanga kwenda Pemba usiku: anajua alikotoka, mwelekeo, kasi na muda, basi anakadiria alipo. Kompyuta nazo hukadiria hivyo vyombo vya wenzao. Mwenye chombo huendesha kadirio lilelile, na likipishana na ukweli kupita kikomo, ndipo hutuma ujumbe mpya. Katika DIS, yaani IEEE 1278, kanuni ya kimataifa ya jinsi kompyuta za maigizo zinavyoarifiana, hata chombo kilichosimama hutuma taarifa, kwa kawaida kila sekunde 5, wenzake wasidhani kimetoweka. Hapa ndipo nilipoipenda kazi hii.

Jifunze lugha ya programu ya C++, vekta na kwatenioni (namba nne zinazoeleza chombo kimegeukia wapi). HLA, kanuni nyingine ya kuunganisha maigizo, itafuata. Ujue pia kwamba ajira nyingi za nje hudai uraia wa nchi husika na uchunguzi wa usalama. Inaniuma kuona vijana hodari wakikwama hapo. Lakini ujuzi huohuo hufundishia marubani na manahodha wa meli.

Chukua kompyuta mbili, tuma mahali ilipo ngalawa moja kwa UDP (njia nyepesi ya kutuma jumbe mtandaoni bila kusubiri jibu), kisha punguza jumbe uone inavyorukaruka. Niandikie utakachokiona.