Mtoto anayejaza insha maneno: jinsi nilivyowafundisha wangu kupunguza

Dada, umeuliza kuhusu binti yako wa Gredi ya 6 anayejaza kurasa mbili, kisha mwalimu anamwandikia pembeni "maneno mengi, kisa kiko wapi?" Mimi nimefundisha Kiswahili shule za msingi kwa miaka 19, na kosa hilo nalijua kwa sababu sisi walimu ndio tuliolipanda.

Usimgombeze. Hadi KCPE, mtihani wa kumaliza shule ya msingi hapa Kenya, ilipofanywa mara ya mwisho mwaka 2023, insha ilikuwa na dakika 40 na alama 40, na mwalimu aliyetaka darasa lake lifaulu aliwakaririsha watoto mwanzo uliokwisha kupikwa: jogoo wa kwanza anawika, mtoto anarauka, anaingia hamamuni, anapata staftahi, anavaa sare iliyopigwa pasi ikanyooka. Ukurasa unakwisha kabla hajafika kwenye ajali aliyoombwa aisimulie. Nami nilifundisha hivyo. Mtihani umeondoka, lakini mazoea yale yamebaki madarasani, na vitabu vya zamani vya mifano ya insha bado vinapita mkono kwa mkono.

Kilichonibadilisha ni sentensi moja ya mvulana wa Darasa la Saba. Aliandika hivi: "Mimi nilitoka nje ya nyumba na nikamwona nyanya yangu yeye akiwa ameketi chini, na kwa kweli alikuwa akifanya kazi ya kuchambua mchele ili kusudi apate kutupikia sisi chakula cha jioni." Maneno 30. Nilimwita mezani, tukaanza kufuta pamoja kwa penseli. "Mimi" likatoka, kwani "ni" ya "nilitoka" imeshasema ni nani. "Yeye" na "sisi" yakatoka kwa sababu hiyo hiyo. "Ili kusudi" ni maneno mawili ya kazi moja. "Akifanya kazi ya kuchambua" ikawa "akichambua". Tukabaki na: "Nilitoka nikamkuta nyanya ameketi akichambua mchele wa jioni." Maneno 8.

Nikataka kufuta na "ameketi", maana mchele huchambuliwa mtu akiwa ameketi. Mtoto akaweka kidole juu ya neno lile. "Hilo hapana, mwalimu. Alikuwa mgonjwa. Hakuwa akiweza kuketi." Nyanya yake alikuwa amelala kitandani mwezi mzima, na siku hiyo ndiyo aliyoamka. Insha nzima haikuwa na neno hata moja kuhusu ugonjwa huo. Nilipomuuliza kwa nini, akasema nafasi ilikwisha. Basi nafasi tuliyoipata kwa kufuta tukaijaza na jambo hilo, na kwa mara ya kwanza nikasoma insha yake nikitaka kujua kitakachofuata.

Tangu hapo siwaambii watoto "fupisha". Neno hilo peke yake huwafanya wakate mkia wa insha, yaani wanaacha mwisho na kubakiza mwanzo wote wa majogoo. Nawauliza swali moja: neno hili likitoka, msomaji anapoteza nini? Asipopoteza kitu, lifutwe. Mtoto akiweza kulitetea kama yule mvulana, libaki, hata kama mimi mwalimu sikuona haja yake.

Njia iliyowanasa zaidi ni ya maharagwe. Marehemu baba alinisimulia kwamba enzi za telegramu mtu alilipia kila neno pale posta, kwa hiyo watu walipeleka habari nzito kwa maneno manne au matano. Nikampa kila mtoto punje 20 za maharagwe na habari ya kutuma: ng'ombe amepotea, mgeni anakuja Alhamisi, karo haijatosha. Kila neno punje moja. Ndani ya dakika kumi wakagundua wenyewe jambo nililokuwa nikilihubiri bila kusikika, kwamba kitenzi cha Kiswahili kimebeba mizigo mingi. "Mimi nilimwambia yeye" ni punje tatu, "nilimwambia" ni moja. "Alipika chakula kwa ajili yetu" ni tano, "alitupikia" ni moja. Msichana mmoja alipiga kelele za furaha alipoona "walipigana wao kwa wao" inaweza kuwa "walipigana" tu. Sarufi ya viambishi, ambayo huwa inawachosha, siku ile ilikuwa na faida ya kushikika mkononi.

Yapo mengine ya kumwonyesha binti yako, nayo utayaona haraka: kupanda juu, kushuka chini, kurudi tena nyuma, siku ya leo, lakini hata hivyo. Hayo hayahitaji mjadala mrefu.

Ila kuwa mwangalifu na mambo mawili. Usimkatize anapoandika mara ya kwanza. Mwache amwage yote, alale, kisha futeni pamoja kesho yake. Mtoto anayefuta huku anaandika huogopa kalamu. Pili, si kila kinachorudiwa ni taka. "Alilia, akalia, mpaka sauti ikakauka" ni kurudia kwenye uzito, na masimulizi yetu yamejengwa hivyo. Nilipata mwanafunzi aliyeshika mafunzo yangu kupita kiasi, insha yake ikawa kama orodha ya vitu vya kununua dukani, na ilinichukua muhula mzima kumrudishia sauti yake. Kosa lilikuwa langu, kwa sababu nilikuwa nikisifu idadi ya maneno aliyofuta badala ya kusifu kilichobaki.

Jioni hii chukua aya moja tu ya insha yake, ile ya katikati, kwa kuwa ya mwanzo huenda ameikariri. Asome kwa sauti. Penseli aishike yeye. Wewe funika neno moja kwa kidole, asome tena bila hilo, aamue. Akisema libaki, muulize kwa nini na umsikilize mpaka mwisho, maana mara nyingi hapo ndipo kisa kilipojificha. Mkimaliza aya hiyo fungeni daftari. Nyingine iwe ya siku nyingine.