Santuri ya rafiki yangu imeishinda huduma yangu ya biti 24. Kwa nini?

SWALI: Nalipia huduma ya kutiririsha muziki kwa kiwango cha juu kabisa, biti 24 na kilohezi 192, na husikiliza kwa hedifoni za Bluetooth. Juzi rafiki alinipigia albamu niipendayo kwenye santuri, kupitia spika zake, nikaona ina uhai kuliko yangu. Je, santuri kweli ina ubora zaidi, au masikio yananidanganya?

JIBU: Masikio yako hayana kosa. Kosa la kwanza ni hiyo Bluetooth. Muziki wa biti 24 kwa kilohezi 192, kabla haujafinywa, ni kilobiti 9,216 kila sekunde. Kodeki (njia ya kufinya sauti ili ipite hewani) ya SBC, ambayo karibu kila hedifoni ya Bluetooth inayo, hupitisha kama 328, na hata LDAC, kodeki ya ubora wa juu, huishia 990. Simu inapokea faili nono, inalikata, ndipo inakurushia kilichobaki. Chomeka waya kwanza.

Kwa vipimo vitupu, santuri haifui dafu. Pengo kati ya sauti hafifu kabisa na kubwa kabisa kwenye santuri iliyochongwa vizuri ni kama desibeli 60 hadi 70. Kwenye CD ni 96. Biti 24 kwenye karatasi hufika 144, ingawa hakuna amplifaya ya nyumbani itakayokufikisha huko. Kuhusu kilohezi 192, yaani sauti kupimwa mara 192,000 kwa sekunde, mimi siihangaikii. Sampuli (vipimo hivyo) 44,100 kwa sekunde za CD zinabeba masafa hadi kilohezi 22, na sikio la kijana mwenye afya huishia karibu na 20. Faili la kiwango cha CD lisilopotezwa kitu linakutosha.

Santuri ina udhaifu wake wa kimaumbile. Ikizunguka mara 33⅓ kwa dakika, ukingoni mfereji hupita chini ya sindano kwa kasi ya kama sentimita 50 kwa sekunde. Karibu na lebo kasi hiyo imeshuka hadi 20 na ushei. Mawimbi yaleyale sasa yamesongamana kwenye nafasi isiyofika nusu. Sikiliza wimbo wa mwisho wa upande wowote, utegee herufi “s” za mwimbaji: zinakwaruza.

Sasa, kwa nini ya rafiki yako ilikuvutia? Kwanza ulilinganisha spika zinazojaza chumba na hedifoni. Pili, na hapa ndipo penye siri, huenda hamkusikiliza masta moja, yaani rekodi ya mwisho ambayo nakala zote hutolewa. Toleo la kidijitali mara nyingi hubanwa ili lisikike kwa kishindo: kila kitu kinapandishwa hadi dari, mpigo wa ngoma unakosa pa kurukia. Anayechonga santuri hapati faida kubwa kwa kubana namna hiyo, maana akizidisha sauti mifereji inapanuka na dakika za upande zinapungua, kwa hiyo mara nyingi huachiwa masta yenye nafasi ya kupumua. Huenda uhai ulioupenda umetoka huko. Na usishangae, santuri nyingi za siku hizi zenyewe huchongwa kutoka kwenye faili la kidijitali.

Jaribu hivi: tafuta kwenye huduma yako matoleo mengine ya albamu hiyo, hasa lile la awali kabla ya kusafishwa upya (“remaster”). Yapige kwenye spika za rafiki yako, kwa waya, ukisawazisha sauti na ya santuri kwa programu ya simu ya kupimia desibeli. Usiruke hatua hiyo. Kinachozidi kwa desibeli moja tu, sikio hukiona kitamu zaidi bila kujua sababu.

Ukitaka santuri kwa raha ya kuishika na kuigeuza, nunua, lakini itunze sindano. Niliwahi kuletewa mashine ya santuri ambayo mwenyewe aliusifia mkwaruzo wake kuwa ndio “joto la analojia”. Mizani ilionyesha sindano inabonyeza kwa chini ya gramu 1, wakati mtengenezaji alitaka 1.8. Aliipunguza akidhani anazihurumia santuri zake, kumbe sindano nyepesi hurukaruka ndani ya mfereji na kuzigonga kuta. Niliporekebisha uzito, joto likaondoka. Makovu kwenye santuri zake hayakuondoka.