Picha ya fuvu siyo "picha ya majivuno"

Msomaji ameniandikia: "Nimeona picha ya Mholanzi wa zamani ameshika fuvu la kichwa, chini wameandika 'mchoro wa majivuno'. Fuvu na majivuno wapi na wapi? Halafu tuseme fuvu au bufuru?"

Umenigusa penye kidonda, maana hilo "majivuno" nimelikuta mara nyingi mno na kila nikilikuta napandisha hasira. Picha za aina hiyo zinaitwa vanitas, ni Kilatini, na neno limetoka kwenye Biblia, Mhubiri 1:2. Sasa fungua ya Kiswahili usome: "mambo yote ni ubatili". Ubatili jamani! Neno tunalo, limekaa pale miaka yote, ila mfasiri kapitia kwenye Kiingereza, akakuta neno moja, vanity, limebeba majivuno na ubatili pamoja, akachukua la kwanza akakimbia nalo.

Hebu chukua picha ya mchoraji David Bailly wa Leiden, Uholanzi, ya mwaka 1651, ipo mpaka leo kwenye makumbusho ya De Lakenhal huko huko Leiden. Kijana mtanashati amekaa kwenye meza, mkononi ana kipicha cha mtu mzima. Wengi wanaoijua picha hii wanasema yule mtu mzima ni Bailly na kijana pia ni Bailly! Alizaliwa 1584, piga hesabu, alikuwa anakaribia miaka 70, kwa hiyo huyo kijana unayemwona kama yupo hai mbele yako ndo hayupo tena, na kile kipicha ndo kina sura ya kweli. Mezani kuna fuvu, lulu, sarafu, saa ya mchanga, mshumaa umezimika sasa hivi moshi bado unapanda, na hewani mapovu ya sabuni yanaelea. Sasa niambie hapo anajivunia nini, povu? Mshumaa uliozimika? Na kama bado unabisha, angalia kikaratasi pale ukingoni mwa meza, kimeandikwa maneno yale yale ya Mhubiri, kwa Kilatini.

Au yule kijana aliyechorwa na Frans Hals wa Haarlem, Uholanzi hiyo hiyo, kofia nyekundu na unyoya mrefu, mkono mmoja ameunyoosha kama unataka kutoka kwenye fremu, mwingine umeshika fuvu. Yaleyale.

Batili ni Kiarabu, kitu kisicho na nguvu wala thamani, ndo maana mahakama inabatilisha mkataba. Na Kilatini chenyewe, vanus, maana yake tupu. Basi.

Wapo watakaosema, lulu na unyoya si majivuno hayo? Sawa, yamo humo, sikatai. Lakini majivuno ni kosa la mtu mmoja mmoja, ubatili ni hali ya wote, hata yule mnyenyekevu asiye na unyoya wala lulu atakufa, na mchoraji alikuwa anamwambia huyo pia. Ukiandika "picha za ubatili" umemaliza. Ukiona zito, acha vanitas kama ilivyo, hiyo nitaivumilia. Majivuno hapana kabisa.

Fuvu na bufuru yote ni sawa, ila wengi siku hizi wanasema fuvu na mimi nipo nao, kwa sababu nalisikia humo neno kifuu, kile cha nazi ambayo imeshakunwa ikaisha.