Kadi ya mpiga kura haitoshi kumchagua mwenyekiti wa mtaa

Ndugu, umeuliza kama kadi ya mpiga kura uliyoichukulia Lindi inakupa kura ya mwenyekiti wa mtaa huko ulikohamia Shangani, Mtwara. Hapana, haikupi. Kadi hiyo inatokana na Daftari la Kudumu la Wapiga Kura la Tume ya Uchaguzi, ambalo ni la kuchagua Rais, wabunge na madiwani. Uchaguzi wa serikali za mitaa una orodha yake, inaandikwa upya kila mtaa na kitongoji, chini ya TAMISEMI, yaani ofisi ya serikali inayosimamia Tawala za Mikoa na Serikali za Mitaa.

Mwaka 2024 tuliandikishwa Oktoba 11 hadi 20, kura ikawa Novemba 27. Mimi nilijiandikisha Mikindani: unataja jina na umri, unatia saini kitabuni, basi. Hupigwi picha wala hupewi kadi. Orodha ikabandikwa ukutani. Jirani yangu alikuja siku ya kura na kadi yake mkononi, jina halimo, akarudi nyumbani hajapiga. Iliniuma, maana huyo mwenyekiti ndiye anayemwandikia barua ya utambulisho kila siku.

Sifa ni uraia, miaka 18 na kuwa mkazi wa hapo. Kadi yako itunze, siku ya kura inafaa kama kitambulisho.