Maswali ya Wasafiri: Budapest Bila Kuulemea Mji

Barua nyingi za mwezi huu zimeelekea mji mmoja, Budapest, mji mkuu wa Hungaria uliokaa pande zote mbili za mto Danube. Tumechagua barua tatu, na ya kwanza tumeijibu kwa kirefu kwa sababu mpango uliomo ndani yake ndio ambao mawakala wengi wa hapa Dar es Salaam huwauzia wateja wao.

SWALI: Ndugu Mwandishi, salaam. Mimi na mume wangu ni wastaafu, na kwa miaka kadhaa tumekuwa tukiweka akiba ili tuione miji ya kale ya mto Danube. Wakala ametupangia siku nane katika miji mikuu minne, yaani Vienna, Bratislava, Budapest na Prague, na baadhi ya safari za kati ni za ndege. Binti yetu anasema mpango huo unachafua hewa mno, na anatushauri tubebe chupa zetu za maji na mifuko ya kitambaa ili kufidia. Je, hayo yanatosha?
Mama wa Tabata

JIBU: Shikamoo mama. Kuhusu ndege, binti yenu amesema kweli, ila dawa aliyowapa ni ndogo kuliko ugonjwa. Kutoka Dar es Salaam hadi ukingo wa Danube ni zaidi ya kilomita 6,000 angani, na abiria mmoja wa daraja la kawaida, akienda na kurudi, huchangia tani moja na zaidi ya hewa ya ukaa. Mzigo huo haufutwi na chupa wala mfuko wa kitambaa. Kwa kuwa hatuna treni ya kutufikisha Ulaya, ndege haikwepeki. Mnachoweza kuamua ni mara ngapi mtapaa, na mtakaa siku ngapi baada ya kutua. Kwa hiyo ningewasihi mrudi kwa wakala na kumwomba aiondoe miji miwili au mitatu katika orodha yake, kisha siku nane ziwe kumi au kumi na mbili katika mji mmoja.

Ndege hula mafuta mengi zaidi inapopaa, na ndiyo maana safari fupi za ndege baina ya miji jirani zina hasara kubwa kwa kila kilomita. Tafuteni tiketi ya kuunganisha mara moja tu, kwa mfano Istanbul au Doha, hadi Budapest kwenyewe. Kama moyo haukubali kuikosa Vienna, shukeni huko, mlale siku mbili, kisha mpande treni, ambayo huchukua muda wa saa mbili na dakika arobaini hivi. Aliyekwisha kupanda SGR kwenda Dodoma hahitaji kuambiwa raha ya kuitazama nchi ikipita dirishani.

Budapest ni mji wa kukaa, si wa kupita. Ilizaliwa mwaka 1873 pale miji mitatu ilipounganishwa: Buda na Óbuda upande wa vilima, na Pest upande wa tambarare. Kabla ya hapo watu walivuka kwa mashua au kwa daraja la kuelea ambalo liliondolewa majira ya barafu, na inasimuliwa kwamba mwaka 1820 István Széchenyi, kabaila wa Kihungaria, alikwama ukingoni kwa siku kadhaa akiwa safarini kwenda kumzika baba yake. Wakazi wa Kigamboni waliowahi kulala Kivukoni wakingoja pantoni hawatashangaa kwamba bwana huyo baadaye alishikilia daraja lijengwe. Daraja hilo la Minyororo lilifunguliwa mwaka 1849, likavunjwa na majeshi ya Wajerumani waliokuwa wakirudi nyuma mwaka 1945, na likafunguliwa tena mwaka 1949. Baada ya ukarabati uliokamilika mwaka 2023, magari ya watu binafsi hayakurudishwa juu yake. Mtalivuka kwa miguu bila kubanwa, na kwa maoni yangu hilo peke yake ni sababu ya kutopoteza jioni ya kwanza hotelini.

Gari la kukodi msilifikirie kabisa. Tramu namba 2 hufuata ukingo wa Pest na kupita karibu na Bunge, lile jengo lenye kuba la mita 96, na kwa nauli ya kawaida mtaona yale ambayo mabasi ya watalii huyauza kwa bei ya juu. Njia ya kwanza ya treni ya chini ya ardhi, iliyofunguliwa mwaka 1896, ndiyo iliyotangulia katika bara la Ulaya ukiiacha London iliyo kisiwani. Vituo vyake viko karibu sana na uso wa ardhi, kwa hiyo magoti ya wastaafu hayatateseka kwa ngazi nyingi. Nunueni tiketi ya saa 72, maana tiketi ya safari moja isipogongwa kwenye mashine mkaguzi hatawasikiliza. Kisiwa cha Margaret, chenye urefu wa kilomita mbili na nusu katikati ya mto, nacho hakiruhusu magari ya watu binafsi, na ni mahali pa kutembea asubuhi nzima.

Alasiri moja iwekeni kwa ajili ya hamamu. Hamamu ya Rudas ilijengwa na Waosmani, watawala wa Kituruki, katika karne ya 16. Ile ya Széchenyi, iliyo kubwa zaidi, ilifunguliwa mwaka 1913. Maji yake hutoka ardhini yakiwa tayari ya moto, na ya Széchenyi huzidi nyuzi 70, hata yakalazimika kupozwa kabla mtu hajaingia. Hapachomwi mafuta ili kuyapasha. Rudas ina siku zilizotengwa kwa wanawake peke yao, jambo ambalo wasomaji wengi wa kike wameniuliza, basi ulizeni ratiba mapema.

Wakala akiwashawishi mpande meli ya kulala inayoshuka mtoni, kataeni kwa adabu. Abiria wake hula na kulala melini, hushuka kwa saa chache wakajaza njia za kilimani Buda, kisha huondoka wakiwa hawakuacha fedha nyingi kwa wenyeji.

SWALI: Habari za kazi. Mimi na wenzangu wanne tunataka kupangisha nyumba ya mtu kwa wiki moja huko Budapest kupitia mtandaoni, kwa kuwa ni nafuu kuliko hoteli. Nimesikia kwamba wenyeji wanachukizwa na jambo hili. Je, ni kweli?
Kijana wa Kinondoni

JIBU: Ni kweli, ndugu yangu, na wana haki. Nyumba inayopangishwa kwa wageni wa siku tatu tatu humletea mwenyewe fedha nyingi kuliko mpangaji wa mwaka, kwa hiyo wapangaji huondolewa, kodi hupanda, na anayebaki ghorofa ya pili husikia masanduku yakiburuzwa ngazini saa nane za usiku. Katika wilaya ya sita, Terézváros, wakazi walipiga kura mwaka 2024, na wengi wao wakaamua kwamba upangishaji wa namna hiyo ukome kuanzia 1 Januari 2026. Mkiwa watano, tafuteni hosteli au nyumba ya wageni yenye leseni, nje kidogo ya kitovu lakini karibu na kituo cha tramu. Mkigawana vyumba, tofauti ya bei hupungua sana. Na kama mtakwenda kwenye baa za wilaya ya saba, kumbukeni kwamba juu ya baa hizo wanalala watoto wa shule.

SWALI: Je, maji ya bomba ya Budapest yananyweka, au ninunue ya chupa kama ninavyofanya hapa?
Msomaji, Upanga

JIBU: Yananyweka bila kuchemshwa. Sehemu kubwa ya maji hayo hutoka kwenye visima vilivyochimbwa kando ya Danube, ambapo maji ya mto hupenya taratibu katika mchanga na kokoto na kuchujwa kabla ya kufika kisimani. Hapo ndipo chupa ile ya binti wa Tabata inapopata kazi yake. Ukilazimika kununua ya dukani, tazama alama iliyo kwenye chupa: tangu mwaka 2024 mnunuzi hulipa amana ya forinti 50 juu ya bei, na huirudishiwa akiitumbukiza chupa tupu kwenye mashine za madukani. Usiiminye wala kuibandua karatasi yake, kwa sababu mashine husoma alama ya mistari (barcode) iliyo kwenye karatasi hiyo, na isipoisoma huitema chupa.